Lenzi gani niwekewe? Mwongozo kwa anayekwenda kutolewa mtoto wa jicho

Simu huwa zinaanza hivi: "Samahani dada, nasikia wewe ndiye uliyempeleka mama kutolewa mtoto wa jicho. Sasa mzee wetu ameambiwa achague lenzi. Achague ipi?" Nimempeleka mama, nikampeleka mjomba, kisha shangazi, kisha jirani yetu wa Marangu aliyesikia habari kanisani. Mimi si daktari. Nimekaa tu sana kwenye mabenchi ya kliniki za macho za Moshi na Arusha, nimeuliza maswali mengi hadi manesi wakanizoea, na sasa nimechoka kurudia majibu yaleyale kwa simu. Nimeyaandika hapa.

Kabla ya yote, uelewe jambo moja. Mtoto wa jicho ni lenzi yako ya kuzaliwa iliyopata ukungu. Daktari anaitoa, na mahali pake anaweka ya plastiki ambayo utakaa nayo maisha yako yote. Haitolewi usiku kama meno ya bandia. Kwa hiyo chagua kabla ya siku ya operesheni, maana ukishapanda kitanda na ganzi imeingia, muda wa kuchagua umekwisha.

Vitu vya kubeba siku ya vipimo

- Miwani yote uliyowahi kuvaa, hata iliyovunjika mkono. Namba zake zinamweleza daktari jicho lilikuwaje kabla ya ukungu.
- Dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake. Wazee wa kiume, msione haya kutaja dawa ya tezi dume. Iitwayo tamsulosini huifanya mboni ilegee wakati wa upasuaji, na daktari akijua mapema hujipanga. Usiiache mwenyewe, wewe mwambie tu.
- Kipimo cha karibuni cha sukari na presha.
- Kadi ya bima na barua ya rufaa, kama unazo.
- Karatasi yako ya umbali. Nitaieleza kwenye hatua ya 2.
- Mtu mmoja mwenye masikio. Mgonjwa huwa na woga, na nusu ya anayoambiwa humpita.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni mtoto wa jicho, na kama lipo peke yake

Mwulize daktari waziwazi: "Mbali na mtoto wa jicho, kuna kingine?" Lenzi mpya haiponyi neva iliyoharibiwa na presha ya jicho, wala retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyovuja damu kwa sababu ya kisukari. Haifuti kovu la trakoma (ugonjwa wa vikope) juu ya kioo cha mbele cha jicho pia, na huku kwetu upande wa wafugaji makovu hayo si machache. Jibu la swali hili linaamua pia ni lenzi gani hupaswi kuwekewa, kama utakavyoona kwenye hatua ya 5.

Wapo wanaoambiwa nyumbani wasubiri "iive kwanza". Ushauri huo ni wa zamani, enzi za upasuaji wa namna nyingine. Siku hizi wakati wake ni pale ukungu unapokuzuia kazi zako. Ukingoja sana lenzi huwa ngumu kama kokwa, kuitoa kunakuwa kazi zaidi, na mara nyingine hufura ikapandisha presha ya jicho.

Onyo: hakuna dawa ya matone inayoyeyusha mtoto wa jicho. Hakuna. Utomvu wa majani, asali, maziwa ya mama, vyote hivyo weka mbali na jicho. Shangazi alitumia "dawa ya majani" wiki tatu, na operesheni ikabidi iahirishwe hadi kidonda kipone.

Hatua ya 2: Andika umbali wako

Hapa ndipo kila kitu kilipo, na ndipo watu hupita mbiombio wakikimbilia kuuliza bei.

Lenzi yako ya ujanani ilikuwa inajivuta na kujiachia, ndiyo maana uliona kitabu na pia mlima. Lenzi ya kawaida ya kupandikiza haifanyi hivyo. Inaona vizuri umbali mmoja tu, ule uliopangiwa. Umbali mwingine utasaidiwa na miwani. Basi kaa na karatasi jioni moja, uandike unafanya nini kutwa nzima, kutoka asubuhi hadi unapolala, na kila kazi ipime kwa mkono:

Karibu ni kama sentimita 35 hadi 40: kusoma Biblia au Kurani, kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kusoma ujumbe wa pesa kwenye simu. Katikati ni sentimita 60 hadi 80, yaani urefu wa mkono: kupika, kuuza dukani, kompyuta, cherehani kwa sehemu kubwa. Mbali ni kuanzia mita kadhaa na kuendelea: kuendesha gari, kuvuka barabara, kumtambua mtu anayekuja njiani kabla hajakusalimia na wewe ukamkalia kimya kama mwenye kiburi.

Kisha jiulize: ni kazi gani kati ya hizi ningependa kuifanya bila miwani? Na ni ipi sijali nikivaa?

Nakuambia haya kwa uchungu. Mjomba wangu ni mchambuzi wa vito Arusha. Tangu ujana haoni mbali, miwani yake ilikuwa mainasi 3, na kila akitaka kuangalia jiwe alikuwa anavua miwani, analisogeza karibu na jicho, anasema hili ni la daraja gani. Kwa jicho lisiloona mbali, kuvua miwani ni kama kuwa na lenzi ya kukuzia ya bure. Tulipompeleka kwa operesheni (hospitali sitaitaja), hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani, nasi hatukusema. Wakampangia kuona mbali, kama wanavyowapangia wengi. Operesheni ilienda vizuri kabisa. Siku ya tatu akasimama mlangoni akasoma namba za daladala iliyokuwa inapita barabarani, tukapiga vigelegele. Ya nne akachukua jiwe, akalisogeza usoni kama alivyozoea miaka 40, na hakuona chochote. Aliniambia, "Mpwa wangu, mmenipa macho ya dereva."

Kama wewe ni mtu wa mainasi na unasoma bila miwani, liseme hilo kabla hujaulizwa.

Hatua ya 3: Pima jicho, na vipimo viwe sahihi

Watu hubishana lenzi ya Mjerumani au ya Mhindi, ya Marekani au ya Uingereza. Mimi ningepeleka ubishi huo kwenye vipimo. Lenzi nzuri yenye namba isiyokufaa ni hasara tupu.

Lenzi ya kwanza duniani iliwekwa London tarehe 29 Novemba 1949 na daktari Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas'. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita vilivyoingia kwenye macho ya marubani havikuwa vikileta uvimbe kama alivyotarajia, akaamua kutengeneza lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Lenzi ilikaa, lakini namba ilikuwa imezidi mno, na mgonjwa wake akatoka haoni mbali kabisa, akahitaji miwani yenye mainasi kubwa sana. Plastiki haikuwa na tatizo. Hesabu ndiyo iliyokosewa.

Siku hizi mashine hupima vitu viwili: mkunjo wa kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 23 hadi 24 hivi. Ukikosea milimita moja tu, namba inapotoka kwa karibu daiopta 2.5 hadi 3 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi na ya miwani), na hiyo inatosha kumharibia mtu mipango yote ya hatua ya 2.

Fanya hivi:

a) Kama unavaa lenzi za kubandika juu ya jicho, acha kuzivaa angalau wiki moja hadi mbili kabla ya kupimwa, zile ngumu zinahitaji muda zaidi. Zinabadilisha mkunjo.

b) Omba macho yote mawili yapimwe, hata kama linalofanyiwa operesheni ni moja. Urefu wa macho mawili ya mtu mmoja kwa kawaida hukaribiana. Ukiachana sana, kipimo kirudiwe.

c) Kama uliwahi kupigwa leza ili uache miwani, sema. Hesabu za kawaida hukosea kwenye jicho hilo.

d) Ukungu ukiwa mzito, mashine ya mwanga haipenyi, na kipimo hufanywa kwa ultrasaundi. Hiyo ikigusa jicho isilikandamize, kwa sababu jicho lililokandamizwa linasomeka fupi. Wewe kaa tulivu, tazama mbele, pumua.

Utapewa karatasi yenye namba kama +20 au +21.5. Usishtuke. Hiyo siyo namba ya miwani. Ni nguvu ya lenzi inayokaa ndani ya jicho, na watu wazima wengi wako karibu na hapo. Jirani yetu aliona +22 akalia akidhani amekuwa kipofu rasmi.

Hatua ya 4: Kubalianeni shabaha

Hapa mpe daktari ile karatasi ya umbali. Shabaha ni namba ya miwani mnayotaka ibaki baada ya operesheni. Zipo njia tatu za kawaida.

Macho yote mbali: shabaha ni sifuri au mainasi kidogo tu. Unatembea, unaendesha gari, unatazama runinga bila miwani, na unavaa ya kusomea. Inawafaa wengi.

Macho yote karibu: shabaha karibu mainasi 2.5. Unasoma na kushona bila miwani, unavaa ya mbali ukitoka. Kwa mshonaji au mpenda vitabu aliyekuwa mtu wa mainasi maisha yote, hii ni njia ya heshima kabisa, lakini haitapendekezwa usipoitaja.

Jicho moja mbali na jingine karibu: ubongo unajifunza kuchagua. Wengine huizoea wiki chache, wengine kichwa huwauma hadi wanachukia. Usikubali bila kujaribishwa kwanza kwa miwani ya majaribio au lenzi za kubandika, kama ukungu wako bado unaruhusu jaribio lenye maana.

Hatua ya 5: Sasa chagua aina

*Lenzi ya umbali mmoja.* Ndiyo inayowekwa kwa watu wengi zaidi duniani, ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayotoa picha safi kuliko zote kwa ule umbali wake. Ukiwa na presha ya jicho, madhara ya kisukari kwenye retina, au kovu kwenye kioo cha jicho, ishia hapa, na usione umepunjwa.

*Lenzi ya toriki.* Ni kwa mwenye astigmatizimu, yaani kioo cha jicho kilichojikunja zaidi upande mmoja. Kama kipimo kinaonyesha ni kuanzia daiopta 1 hivi na kuendelea, uliza habari zake. Lazima ikae kwenye pembe yake kamili: kila nyuzi moja inayozunguka inapoteza kama asilimia 3 ya kazi yake, na ikizunguka nyuzi 30 haisaidii tena. Ndiyo maana jicho huwekwa alama ukiwa umekaa, kwa sababu ukilala jicho hugeuka kidogo. Ukiona unalazwa moja kwa moja bila alama wala kipimo cha mashine cha pembe, uliza kwa upole.

*Lenzi ya umbali mwingi.* Inagawa mwanga ili uone karibu na mbali pamoja. Inavutia, ni ghali, na wanaoifurahia huifurahia sana. Lakini mwanga uliogawanywa ni mwanga uliopunguzwa: vitu hufifia kidogo penye giza, na taa za usiku huota duara kuzunguka. Sasa fikiria barabara ya Moshi hadi Arusha saa mbili usiku, basi linakuja limewasha taa kamili na nyuma yake lori. Dereva wa usiku asikimbilie lenzi hii. Wala mwenye ugonjwa wa retina au wa neva ya jicho. Wala, kwa maoni yangu, yule mtu ambaye kasoro ndogo kwenye ukuta humnyima usingizi.

*Lenzi ya umbali ulionyooshwa.* Iko katikati: inaona mbali na urefu wa mkono, duara za taa ni chache zaidi, lakini maandishi madogo bado yatataka miwani.

Hatua ya 6: Ngumu au ya kukunja

Lenzi ngumu ina upana wa milimita 6 hivi, kwa hiyo huhitaji mlango wa upana kama huo. Mara nyingi mlango huo hujifunga wenyewe bila kushonwa. Ya kukunja huingia kwa tundu la milimita 2 hadi 3, lenzi ya zamani ikiwa imesagwa kwa ultrasaundi na kufyonzwa. Jicho hutulia mapema zaidi na tundu dogo. Lakini kwa mtoto wa jicho aliyekomaa akawa mgumu, njia ya mlango mpana mara nyingi ndiyo salama zaidi, na matokeo yake ni mazuri. Usimlazimishe daktari njia anayoona haifai jicho lako kwa sababu jirani yako alifanyiwa ile nyingine.

Kuhusu nchi: kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilianza mwaka 1992 hasa ili lenzi zishuke bei, na tangu hapo lenzi zake zimepandikizwa nchi nyingi. Kwenye kambi za macho utapewa lenzi ya umbali mmoja, mara nyingi ngumu. Ichukue. Mama yangu anayo, na anasoma Tenzi bila kulalamika, akiwa na miwani yake ya kusomea ya sokoni.

Hatua ya 7: Uliza bei yote, siyo bei ya lenzi

Uliza hivi hivi: "Bei hii ina vipimo, operesheni, lenzi, dawa za matone na marudio?" Bima mara nyingi hulipia lenzi ya kawaida na kukuachia tofauti ukitaka nyingine, kwa hiyo thibitisha dirishani kabla, na jibu lao liandikwe. Usiuze mbuzi kwa ajili ya lenzi ya umbali mwingi. Tofauti ya pesa hiyo inanunua miwani ya kusomea ya miaka mingi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Taja jina lako na jicho lako kwa sauti, hata wakikuuliza mara tano. Muulize nesi kama lenzi ya namba yako ipo, na kama ya akiba ipo. Ule mfuko mwembamba unaoshika lenzi ukipasuka wakati wa upasuaji, daktari atahitaji lenzi ya aina au namba nyingine papo hapo.

Kabla hujaondoka, omba stika ya lenzi yako. Kwenye boksi huwa zipo kadhaa: aina, namba, tarehe ya mwisho wa matumizi. Bandika moja kwenye daftari lako la kliniki na uipige picha. Jicho la pili likipangwa, karatasi hiyo ni dhahabu.

Hatua ya 9: Wiki za mwanzo

Matone kama ulivyoandikiwa, kwa kawaida mwezi hivi, na unawe mikono kwanza. Lala na kikinga jicho. Usisugue. Maji yasiingie. Moshi wa kuni, vumbi la boda, mkungu wa ndizi mgongoni, vyote visubiri. Miwani ya kusomea pima baada ya wiki 4 hadi 6, siyo wiki ya kwanza. Namba bado inatembea, utanunua mara mbili.

Ukiona haya

*Maumivu makali, jicho jekundu linalozidi, uoni unashuka, usaha:* nenda leo hii. Siyo kesho asubuhi, siyo baada ya ibada. Maambukizi ya ndani huua jicho kwa muda mfupi.

*Miale kama radi, vidoa vyeusi vingi ghafla, au pazia linashuka upande mmoja:* nenda leo pia. Inaweza kuwa retina inaachia.

*Kila kitu kina rangi ya bluu na weupe umezidi:* ni kawaida. Ukungu ulikuwa unatia umanjano. Mama aliona masizi ya kuta za jikoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka, tukapiga chokaa wiki hiyohiyo.

*Kivuli cheusi pembeni kama mwezi mwandamo:* mara nyingi hupungua kadiri ubongo unavyozoea. Mtajie daktari kwenye marudio.

*Ukungu umerudi baada ya miezi au miaka:* mtoto wa jicho harudi. Ni ule mfuko wa nyuma ya lenzi umeota utando. Leza ya dakika chache hufungua dirisha katikati, bila kukatwa wala kushonwa.

*Duara za taa usiku kwa lenzi ya umbali mwingi:* zipe miezi michache, wengi huzizoea. Usikubali mfuko upigwe leza haraka kama bado unafikiria kubadilisha lenzi, maana baada ya leza kubadilisha ni kugumu zaidi.

*Namba imekosea:* uliza kwanza kama miwani itatosha. Kubadilisha lenzi ni operesheni nyingine, na ikibidi ni heri mapema, kabla lenzi haijashikana na mfuko.

*Umbali haukuwa uliotaka, na jicho la pili bado:* hapo kuna nafasi. Mjomba tulimrudisha na karatasi ya umbali mkononi. Walimjaribisha kwanza na miwani ya majaribio, akatembea nayo ukumbini, akatoa jiwe mfukoni, akalikagua mbele ya daktari. Jicho la kushoto likapangiwa karibu, mainasi 2 hivi. Sasa barabarani anatumia la kulia, mezani anatumia la kushoto, na akikutana na mimi sokoni bado ananiita mpwa wangu wa macho ya dereva.